Mshipa wa Pili

Baba Riziki wangu,

Leo asubuhi nimepita Kimanga, nikaona wazee wanakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa mirija, nikasimama njiani, mama mzima, kama niliyepotelewa na mtoto. Basi wacha nikuandikie.

Unakumbuka Bujumbura? Moyo ulikuangusha bandarini kwetu Kalundu, gunia la muhogo begani, tukakuvusha mpaka hadi hospitali ya huko, risasi zikilia nyuma yetu. Daktari akafungua mshipa ulioziba. Halafu akatuita, akasema mingine miwili imebana. Mmoja ni mdogo, dawa zitautosha. Ila wa pili ndio unaolisha upande mkubwa wa moyo, na huo hakutaka urudi nao nyumbani. Upumzike kwanza upate nguvu, ndipo aufungue.

Wewe ulikuwa umeshavaa viatu. Jumamosi ile wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa Riziki, binti yetu, na kwetu baba akikosekana siku ya mahari ni kama binti ameokotwa.

"Mama Riziki, twende kwetu. Miye sisikii tena maumivu."

"Utapokea ng'ombe na moyo gani, weye?"

Nikawatumia wakwe ujumbe wangoje. Mama wa binti kusogeza siku ya mahari! Kaka zako walinitukana mpaka simu ikazima. Walisema vita vitakula ng'ombe na bwana harusi pia. Hata mimi niliogopa, lakini sikutaka mahari ya yatima. Ukaninunia, ukageukia ukuta. Mshipa ukafunguliwa.

Ng'ombe walikuja. Wamekonda, lakini walikuja. Ulikaa mbele, mrija mdomoni, na kwa kuwa daktari alikukataza pombe ukajifanya unavuta tu. Nilikuona, mjanja wewe. Baadaye ukampakata na mjukuu, mtoto wa Riziki. Tukilala nilikuwa naweka sikio kifuani mwako, nawe ukiniuliza ati redio inasema nini.

Kisha vita vikarudi, risasi ya watu wasiokujua ikakupata pajani pale Kilibula, ukitoka kutafuta maji. Nilifunga jeraha kwa kikwembe changu, kitenge cha kiunoni, damu ikapita. Nikaweka sikio palepale. Moyo ulikuwa unapiga, Baba Riziki. Ulipiga vizuri mpaka damu ikauishia.

Daktari alifanya kazi yake, na mimi nilifanya yangu. Nilitaka ujue hivyo. Mjukuu ameanza kutembea, anapitapita na viatu vyako.

Pumzika, mume wangu.

Mke wako,
Mama Riziki