Makaburi Yasiyopaliliwa

Nyumba Ndefu ya Gerunsin,
Nanga Serupai,
Sarawak.
14 Julai 2009

Mpendwa mdogo wangu Jilan,

Hujambo huko Johor? Wifi Lemai na watoto hawajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama kwenye mabamba ya meli, au yale mafuta niliyokutumia yamesaidia? Usiniambie hujayapaka. Nakujua wewe, utakuwa umeyaweka dirishani kama pambo.

Sisi tu wazima, kwa maana kwamba tunapumua. Goti langu la kushoto halitaki ngazi tena, na shemeji yako Sanggau anakohoa tangu mvua zilipoisha. Gawai, sikukuu yetu ya mavuno, ilipita kimya. Pombe ya mchele ilichachuka mitungini kwa kukosa wanywaji, na unajua vizuri watu wa nyumba hii si watu wa kuacha pombe ichachuke.

Mdogo wangu, kesi tumeshindwa. Nakuambia moja kwa moja kwa sababu barua hii nimeianza mara kadhaa nikizungukazunguka, na simu nayo imenishinda, kila nikipanda kilimani kutafuta mtandao narudi sijapiga. Kampuni imepewa ardhi yote, kuanzia kijito cha Semuti mpaka juu kwenye msitu wa makaburi. Inataka kupanda michikichi.

Utauliza imekuwaje, na sisi tulikuwa na haki. Kumbe kuwa na haki ni jambo moja na kuithibitisha ni jingine kabisa. Wakili wetu Bawin alituonya tangu mwanzo: anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kampuni haikutakiwa kuthibitisha lolote, ilikaa tu pale na makoti yake. Sisi ndio tulitakiwa kuonyesha kwamba wazee wetu walilima na kuishi hapa kabla ya mwaka 1958, mwaka ambao sheria ya ardhi ilianza kutumika. Kana kwamba tulidondoka kutoka mwezini!

Na walioyaona mambo ya mwaka huo kwa macho yao, wako wapi? Kesi iliahirishwa na kuahirishwa, nao wakatutoka mmoja mmoja. Mama ndiye alikuwa shahidi wetu mkubwa. Unakumbuka alivyokuwa akijiandaa, akikaa barazani kutaja majina ya wazee kizazi baada ya kizazi, na ukimkatiza anaanza upya? Alikufa akingoja kuitwa. Basi nikasimama mimi badala yake, mimi niliyezaliwa baada ya mwaka wenyewe.

Nilikula kiapo, nikaeleza kwamba Mama aliniambia babu alifyeka mlima wetu mwaka aliozaliwa yeye Mama. Wakili wa kampuni akaruka kama aliyekalia siafu. Pingamizi! Eti ni maneno ya kuambiwa, na aliyeyasema hayupo kuhojiwa. Jaji akasema atayapokea kwa kuwa ni mapokeo ya wazee, ila uzito wake ataupima baadaye.

"Mama, ulikuwepo babu yako alipofyeka?" akaniuliza yule wakili, kwa upole wote.

"Ningekuwepo vipi nami sijazaliwa?"

"Kwa hiyo hujui."

"Najua. Wewe ulimwona mama yako akikuzaa?"

Watu wakacheka, hata karani akainamisha kichwa. Yule bwana akatabasamu tu. "Mimi nina cheti," akasema, akakaa.

Kicheko kilinitokea puani, Jilan. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba maji yamezidi unga.

Baadaye jaji alikuja mwenyewe kuona ardhi. Tulimpokea vizuri, tukampikia kuku ndani ya mianzi, akala kwa adabu. Tukampeleka kwenye mahame, pale nyumba ya zamani ilipokuwa, tukamwonyesha miduriani iliyopandwa na wazee, mingine watu watatu hawawezi kuikumbatia. Wakili wa kampuni akasema kima nao hula duriani na kutupa kokwa ovyo. Sudau, yule binti wa shangazi mwenye mdomo wake, akamjibu kwamba basi kima wa huku wana akili, wanapanda kwa mstari. Jaji akaandika. Aliandika la kima au la mstari, sijui.

Halafu tukafika kwenye msitu wa makaburi. Wazee wetu wote wamo mle, Mama naye, na mali zao walizopewa za kwenda nazo, mitungi, upatu, sahani. Ushahidi gani tena unaupita huo? Lakini Gerunsin, mzee wa kaya zote za nyumba yetu ndefu, alisimama ukingoni na sote tukasimama nyuma yake. Wewe unajua. Mle hauingii mtu ila anayepeleka maiti. Hatupalilii, hatufagii, hatukati hata mti mmoja, maana kusafisha makaburi ni kumkaribisha mwingine afe aingie. Ni msitu mnene kwa sababu tuliuheshimu.

Kampuni ilikuja na mtaalamu wake wa misitu, bwana wa kofia pana. Alikwenda huku na huko ukingoni, akatangaza kwamba haoni dalili yoyote ya mkono wa binadamu. Wakatoa na picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege, nayo inaonyesha msitu mtupu. Jaji akamuuliza Gerunsin kama hakuna hata mmoja wetu atakayeingia kumwonyesha kaburi. Gerunsin akasema hakuna. Wakili wa kampuni akauliza, wafu gani hao wasiotembelewa na mtu?

Alasiri ile tulikaa kikao barazani, mvua ikipiga bati hata inabidi mtu apaze sauti. Binamu yetu Belayong alitaka tuingie, tuchimbue mtungi mmoja tu, tumpelekee jaji mezani. Alisema wafu wameshakufa, sisi ndio tunaotaka kula.

"Haya, chimba," Sudau akamwambia. "Anza na mama yako, jembe nakuazima mimi."

Zogo likawa kubwa. Mwisho Gerunsin akasema neno moja tu: mwenye mkono wa kufanya kazi hiyo aunyooshe. Hakuna aliyenyoosha. Hata Belayong alibaki kujikuna goti. Bawin naye alikuwepo, wakili na elimu yake, na hakutusukuma, kwa sababu naye ana wazee wake waliolala katika msitu kama ule.

Hukumu ilisomwa kwa lugha ya adabu sana. Jaji alisema hatilii shaka kwamba tunayaamini tunayoyasema. Ila kuamini si ushahidi, na upande wa madai haukuutua mzigo wake. Ndivyo ilivyo sheria, labda ni sheria nzuri kwa watu wengine. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mahakama.

Bawin akakata rufaa. Akaomba pia kampuni izuiwe kuingia mpaka rufaa isikilizwe, ombi likakataliwa. Kwa hiyo tingatinga zikaja. Zilianza na miduriani. Mlio wa miti ile ikianguka sitauelezea.

Kisha zikaingia makaburini. Dereva alikuwa mtu mzima wa Sambas, ng'ambo ya mpaka, baba wa watoto, alikuwa akinunua pilipili manga kwangu. Bamba la tingatinga lilipoinua udongo ikatoka mitungi, ukatoka upatu, ikatoka mifupa. Yule baba akazima mashine, akaruka chini, akakimbia mpaka mtoni. Ameshavuka mpaka kurudi kwao, na hatarudi. Ndiye peke yake aliyeviona vikitoka ardhini.

Tulikwenda wote. Mitungi ya miaka na miaka, Jilan, ile yenye michoro ya nyoka shingoni, imelala juani, mingine imepasuka. Belayong alilia hadharani kama mtoto, akimwambia Gerunsin, "Si hii hapa? Si hii hapa waliyoitaka?" Hata mimi, Mungu anisamehe, katikati ya msiba ule moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikasema sasa watatuamini.

Tukamwita Bawin. Alikuja, akaviangalia, akakaa kwenye gogo. Nikamwambia vibebe basi, vipeleke kwenye rufaa. Ndipo akanieleza, na alikuwa haniangalii usoni. Ushahidi mpya kwenye rufaa hupokelewa pale tu ambapo usingeweza kupatikana wakati wa kesi, hata kwa bidii. Watauliza, mlijua upo? Mlijua. Mlijua uko wapi? Mlijua. Mngeweza kuuleta? Mngeweza, mkakataa. Atajaribu, alisema, ila nisijenge matumaini.

Kwa hiyo tulipouheshimu msitu ulikuwa si ushahidi, na ulipovunjiwa heshima umechelewa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi tumenyongwa tu.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Kati ya vitu vile nilikuta kikombe cha Mama, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, ulichomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza. Ni chenyewe, nakiapia. Siku ya mazishi nilikitoboa chini kwa msumari mimi mwenyewe, ili kiwe cha huko alikokwenda, na tundu lipo palepale. Kitu alichopewa maiti hakirudi ndani ya nyumba, kwa hiyo nimekifunga kwenye kitambaa, nimekining'iniza kwenye kibanda cha shamba. Kila siku naenda kukitazama.

Lakini Mama mwenyewe sijampata. Kabla ya kuzimwa, tingatinga ilikuwa imewasukuma wote lundo moja, wa zamani na wa juzi. Nimeinama pale tangu asubuhi hadi jioni, nikishika mfupa huu na huu. Jaji alitaka tumthibitishie kwamba wale ni wa kwetu. Leo hakuna jaji wala wakili, niko peke yangu na mama yangu, na siwezi kuthibitisha yupi ni yeye.

Njoo, Jilan. Omba ruhusa, na wakikunyima njoo hivyo hivyo. Wazee wameamua tuwazike tena wote katika kaburi moja, ng'ambo ya mto, na mwana wa kiume wa Mama lazima awepo kubeba. Tutabeba wote, mmojawapo ni yeye.

Msalimie sana wifi Lemai, mbusu mwanenu mdogo Enturan, na mwambie shangazi yake anamwekea mkeka. Sanggau anakusalimu, Gerunsin anakusalimu, Sudau anasema uje na tumbaku. Belayong haongei siku hizi, lakini nakupa salamu zake.

Wazee wetu wakulinde njiani, popote walipo sasa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,
Kelimbong