Kitenge cha Njano Nyuma ya Wavu

Pasua, Moshi
4 Machi 2024

Shangazi Aikaeli,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia. Kila siku nasema nitaandika Eliudi akilala, na akilala nalala na mimi. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Ng'ombe ameshazaa? Sisi hatujambo. Eliudi ameota meno ya chini, ananing'ata akinyonya.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa Filemon wa maziwa barua hii, pamoja na picha ya Elisifa wako. Ndiyo niliyompiga akimalizia mpira wa mwisho, siku timu yao ya mpira wa wavu ilipoingia fainali. Ile timu ya Dar inayomtaka iliomba picha anayoonekana yeye peke yake. Na ukumbi wenyewe uliuona: nyuma ya wachezaji mabango ya soda, ndoo za maji, viti vya plastiki vya kila rangi. Kwenye picha zangu za mwanzo taa ya ukutani ilimwota kichwani kama pembe! Basi nikatundika kitambaa cheusi, nikawaondoa watu wa upande ule.

Nilikuona, Shangazi. Kile kitenge chako cha njano chenye tausi nakijua. Nikakupungia mkono wewe na wenzako, "Ondokeni hapo nyuma, mnaniharibia!" kama nafukuza kuku. Mtoto analia mgongoni, mechi inaanza. Nilidhani utapata kiti kwingine.

Picha imependwa sana. Usinikasirikie.

Mwanao,
Eunike


Old Moshi
11 Machi 2024

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Tupo. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa dume. Mpe Eliudi pole ya meno.

Picha nimeiona. Mtoto ametoka vizuri. Nikaenda nayo pale tunapopimisha maziwa, maana nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba nashuka mjini kumtazama binti yangu akicheza. Magreth akaitazama, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Na wewe uko wapi, mama Elisifa?" Nikamwonyesha kwa kidole nilipokuwa nimekaa. Akacheka mpaka akamwaga maziwa. "Kumbe wewe ndiye hilo giza!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Kwingine viti vilijaa. Nilisimama nje ya mlango na kikapu cha ndizi zako, mvua inaninyeshea. Nikasikia kelele, nikauliza, "Nani amepiga?" Mtu akaniambia, "Yule mrefu." Yule mrefu ni wangu, na sikumwona. Ndizi nikamwachia mlinzi, nikarudi nyumbani.

Najua unachoka. Nimekulea, nakujua. Lakini hata kuku, ukishamtambua ni wa kwenu, humfukuzi hivyo.

Fainali sitakuja.

Shangazi yako,
Aikaeli


Pasua, Moshi
8 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Poleni na matope. Huyo ndama ananyonya vizuri?

Barua yako nimeipata. Ndani ya bahasha utakuta jani la sale, la kuombea msamaha kama desturi yetu. Nimelichuma kwenye uzio wa jirani, nikalifunga fundo kama ulivyonifundisha. Hilo ndilo lililopaswa kutangulia, mimi nikatanguliza picha. Najua aombwaye kwa sale hakatai. Ila nakuomba, ikiwa utanisamehe kwa ajili ya jani tu, usije. Nataka uje umetaka.

Halafu itazame ile picha tena. Watu wanasifu macho ya Elisifa, eti anautazama ushindi. Mpira ameshaupiga, Shangazi, lakini macho yake yapo pembeni, kwenye kitambaa changu. Nilimwuliza. Akanijibu, "Nilikuwa namtafuta mama." Tangu siku ile mazoezini anapiga nje, anapiga wavu, na mwalimu anataka kumweka benchi. Watu wa Dar watakuwepo fainali. Kosa hilo ni langu, si lake.

Kitambaa nimekirudisha kwa mwenyewe. Nimejaribu njia nyingine: nikikaa sakafuni karibu na wavu, na lenzi nimeifungua yote, Elisifa anatoka wazi hata jasho unaliona, na walio mbali nyuma yake wanayeyuka kama ukungu wa huko kwetu asubuhi. Sura zao hazionekani, rangi zinabaki. Hakuna wa kufukuzwa. Ningejua mapema! Sasa Magreth akikuuliza uko wapi, utamwonyesha ile njano.

Fainali ni Jumamosi saa nane. Kiti chako nitakiweka mwenyewe, palepale. Lakini ukisimama kushangilia na kupita mbele yangu, Shangazi, nitakuambia ukae. Hilo silifichi.

Vitu ninavyohitaji bado ni hivi. Mkungu wa ndizi mshare, maana zile alizoniletea mlinzi siku ile sikuzila. Maziwa ya mgando kidogo. Mbeleko ya Eliudi niliyoisahau kwako, ile ya bluu. Hivyo mpe Filemon. Na kile kitenge cha njano chenye tausi. Hicho usimpe Filemon. Kije kimevaliwa.

Mwanao,
Eunike