Picha ya Jiko Tupu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila usingizi umenipungukia. Natumaini kiuno chako kinapoa, na kwamba unakikanda kwa maji ya moto kama daktari alivyoagiza, wala hujifanyi msichana. Wajukuu wanakuamkia. Paka wako, uliyeniachia kwa wiki moja na sasa anamaliza mwaka, naye yupo, na amenenepa kuliko mwenye nyumba.

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yachoke, simu kwetu imekuwa kazi ya kupiga makelele mpaka majirani wanadhani tunagombana. Ningekuja mwenyewe, lakini nimeamriwa nisitoke hapa mjini mpaka baraza la mitihani linihoji. Usishtuke, nitakueleza kwa utaratibu. Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja. Kama yule fundi bomba yumo ndani, ikunje barua hii uisome atakapotoka. Kama hatoki, sogeza kiti mpaka mgongo wako uguse ukuta, ndipo uendelee.

Unajua kwamba tangu nistaafu huitwa kila mwaka kutahini Kiingereza cha kidato cha mwisho. Mtihani huo una karatasi tatu. Ya kwanza ni ufahamu na muhtasari, ya pili ni sarufi na insha, na hizo husahihishwa na watu wasiomjua mtahiniwa hata kwa sura. Ya tatu ni ya kuzungumza, nayo ndiyo yangu. Mtahiniwa huingia peke yake. Kwanza husoma kifungu kwa sauti, halafu huelezea picha, na mwisho tunazungumza kidogo. Mtahini wa pili hukaa kwenye kona nyuma ya mtahiniwa, akiandika alama za matamshi, ufasaha, msamiati na hoja. Haruhusiwi kusema wala kucheka. Mwaka huu nilipewa mwalimu kijana, mpole, mwenye viatu vinavyolia kila akipishanisha miguu.

Kwenye sehemu ya picha mimi nina maswali mawili tu niliyoandikiwa, na siruhusiwi kuongeza la tatu. La kwanza ni hili: unaona nini kwenye picha? La pili: unafikiri nini kitatokea baadaye? Kengele ikilia, mimi humkatiza mtahiniwa hata kama sentensi yake imefika katikati. Kuhusu hoja, mwongozo ni mkali: anayetaja kisichokuwepo kwenye picha hapati kitu. Sheria hizo nimezishika maisha yangu yote ya kazi. Ndiyo maana wanafunzi wakaniita Bibi Nukta, jina ambalo wewe ulilicheka mpaka ukapaliwa.

Picha ya mwaka huu ilikuwa jiko tupu. Meza, dirisha, rafu, stuli. Hapakuwa na mtu.

Binti wa kwanza alisema anaona mwanamke mzee amesimama karibu na dirisha. Sikushangaa. Siku hizi watoto hukaririshwa maelezo ya picha nyumbani, kisha huja kuyamwaga hapo hata kama picha ni ya ng'ombe. Nilimuuliza nini kitatokea baadaye, akajibu kwamba mwanamke huyo atapanda stuli kuchukua kitu juu ya rafu. Nikamshukuru, akatokea mlango wa nyuma. Wanaomaliza hawaonani na wanaosubiri. Hilo nalisimamia mwenyewe, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Akaingia wa pili. Alisema anaona mwanamke mzee amepanda stuli.

Dada, hapo nilimtazama usoni kama nimtazamavyo mwizi wa majibu. Alikuwa mtoto wa watu, anatafuta maneno. Aliendelea bila kuulizwa. Alisema mezani kuna birika la kijani ambalo mkono wake ni waya uliofungwa kitambaa cha maua ya njano. Nikaigeuza picha upande wangu. Haikuwa na birika lolote. Lakini birika hilo nalijua, kwa sababu kitambaa kile nilikikata mimi kwenye gauni langu la shule, nikakufungia usiungue. Nilimuuliza swali la pili kwa sauti isiyokuwa yangu. Akasema mguu wa stuli utavunjika.

Nilisimamisha kazi kidogo nikanywa maji. Mwalimu kijana alikuja mezani, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watoto hawa wananichanganya. Kwenye picha hakuna mtu." Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku hiyo sikujua macho yalikuwa ya nani. Nilimwambia arudi kwenye kona yake.

Wa tatu alikuwa kijana mrefu, shati limempwaya. Alisema mwanamke mzee yuko chini sakafuni, hawezi kuinuka, na maji ya birika yanamwagika kuelekea mlangoni. Baada ya hapo zamu ilikuwa yangu. Swali la pili lilikuwa mbele yangu limepigwa chapa, nami nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba anachojibu mmoja ndicho anachokiona anayefuata. Kama angesema utakufa?

Sikuuliza. Badala yake nikavunja sheria. Nilimuuliza, "Nani anagonga mlango?"

Alinitazama, maana swali hilo hawakufundishwa. Kisha akaangalia dari, kama wanavyofanya wote wanapotafuta msamiati, na nikaona uso wake unang'aa. Alikuwa amepata neno. Akasema ni fundi bomba. Kwa nini fundi bomba? Kwa sababu somo la kazi za watu limo kwenye kitabu chao cha kidato cha kwanza, na hilo ndilo neno lililomjia. Angeweza kusema daktari, angeweza kusema jirani. Akasema fundi bomba ana mfuko wa vifaa, anafungua mlango, anamwinua mama na kumkalisha kitini. Nilimshukuru kuliko nilivyowahi kumshukuru mtahiniwa yeyote.

Barua yako imenithibitishia mengine. Ulianguka asubuhi ile ile. Mlango ulifunguliwa na fundi ambaye hukumwita, na majirani hawamjui. Umeniandikia kwa furaha kwamba tangu hapo umepata mtu wa kukaa naye: anakuja kila asubuhi, hataki chakula, hataki chai, hataki malipo. Umesema anaongea Kiingereza kama kile nilichokuwa nikikariri utotoni ukinisikiliza, na kwamba kila siku ana maneno yale yale: habari za asubuhi, mimi ni fundi bomba, bomba lililoharibika liko wapi? Unamwonyesha kwamba mabomba yote ni mazima. Basi anakaa karibu na mlango. Umesema uliusogeza mfuko wake ili ufagie, ukawa mwepesi kama hauna kitu. Na umesema, kwa mzaha, kwamba ana haya kama bwana harusi, kwa maana siku zote anakuonyesha upande mmoja tu wa uso.

Nilikwenda dukani kukitazama kitabu hicho. Fundi bomba yupo kwenye somo la kazi za watu, amevaa kofia, ana mfuko. Amechorwa kwa ubavu. Ana jicho moja na nusu ya mdomo, na chini yake kuna sentensi tatu. Dada, ni hizo hizo.

Sasa nikuambie lililobaki, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi.

Baada ya kijana mrefu kutoka, mwalimu kijana alikuja tena, safari hii hakunong'ona. Alisema kwa adabu kwamba amenisikia nikimwongoza mtahiniwa, na kwamba atalazimika kuliandika. Alisema pia hawezi kuwapa alama za hoja watoto walioona mtu pasipo na mtu. Nilimjibu kwamba watoto hawa wameeleza walichokiona, kwa sentensi kamili, na kwamba nitawapa alama zao hata baraza lote likija kukaa mezani pangu. Lakini alikuwa na haki kuhusu kuongoza, nami niliona aibu. Nikajiambia kwamba umeshainuliwa, umeshakalishwa, hatari imepita. Nikaamua kurudi kwenye maandishi, neno kwa neno.

Wa mwisho wa asubuhi hiyo, na wa mtihani wote, alikuwa binti mdogo wa umbo, sauti yake safi, Kiingereza chake bora kuliko cha wote. Alisema anaona mwanamke mzee ameketi akisoma barua. Nyuma yake amesimama fundi bomba. Alisema mwanamke hamwoni, kwa sababu barua ni ndefu. Halafu akaisogeza picha karibu na macho yake, akasema kwamba fundi alikuwa amesimama kwa ubavu, lakini sasa ameanza kugeuza uso wote.

Nilimuuliza nini kitatokea baadaye. Mwalimu kijana alikuwa na kalamu mkononi, ananitazama. Binti akavuta pumzi, akaanza: baadaye, fundi bomba huyo...

Kengele ikalia. Nami nikasema, "Asante. Muda wako umekwisha."

Nilimkatiza. Mdomo wangu ulifanya kazi yake ya miaka yote kabla moyo haujauzuia. Alifunga mdomo mara moja, mtoto mwenye nidhamu, akatoka. Jioni nilimfuata kwao, nikamkuta akiosha vyombo. Alinieleza kwamba aliona jiko tupu, na akaniomba radhi kwa kukosa la kusema. Hakumbuki mwanamke, hakumbuki barua. Sentensi ile haina mwisho, wala hakuna mtu mwingine wa kuimalizia.

Kwa hiyo, dada yangu, fundi huyo ni mimi niliyekuletea, na kumwondoa ni kazi yetu sote wawili. Nilijiuliza kama nisiandike, ili pasiwe na barua ya kusoma. Lakini picha ilishakuona ukisoma, na kama barua haitakuwa yangu itakuwa ya nani? Afadhali iwe hii.

Nimefikiri hivi. Yeye hana ubaya wala wema. Ana kazi moja aliyopewa na kitabu, na hawezi kuondoka kabla hajaifanya, nasi tumemnyima kwa kuwa na mabomba mazima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nenda jikoni ulilegeze bomba la sinki. Chukua nyundo ya kuvunjia mkaa, uipige koki mpaka maji yaruke. Usihurumie ukuta, nitalipa mimi. Atakapokuuliza bomba lililoharibika liko wapi, mwonyeshe kwa kidole. Usimtazame usoni akiwa anafanya kazi. Akimaliza, mwambie kwa Kiingereza maneno niliyomwambia binti yule. Unayajua, uliyasikia mara nyingi nikicheza mwalimu uani, wewe ukiwa mwanafunzi. Asante. Muda wako umekwisha. Hakuna aliyepita kwenye mtihani huu ambaye hakuyatii.

Sentensi ya binti nimeimalizia mwenyewe, na naiandika hapa: baadaye, fundi bomba huyo atatengeneza bomba, atachukua mfuko wake, atatoka, na mlango utafungwa. Nimeweka nukta.

Baraza litanihoji Jumatatu, na Jumanne nitakuwa kwako, wanifukuze au wasinifukuze. Wasalimie majirani, hasa yule mwenye cherehani. Paka anakusalimu kwa namna yake. Nakutakia afya, na mlango uliofungwa vizuri.

Umefika mwisho wa barua, dada. Usigeuke. Inuka taratibu, mgongo ukiwa ukutani, uende kwenye sinki.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Nukta