Simu Hujaribiwa na Watu Wawili

Kaka Nyemo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila salamu ungeninunia siku nzima.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike Gulwe. Kibanda chetu cha kutengeneza simu hapa Chimwaga nakifungua kila asubuhi. Wateja wapo, wanafunzi hawajaacha kuangusha simu, ila nina upweke, Kaka. Kuna siku nafunga nikiwa sijamwambia mtu neno zaidi ya "njoo saa kumi."

Simu za siku hizi bado ungezitukana. Fremu ya chuma, nyembamba, na humo ndani kila kitu kinataka antena yake: mtandao, Wi-Fi, Bluetooth, ramani, hata ile ya kulipia kwa kugusisha. Nakumbuka nilivyokuuliza ile mistari ya plastiki pembeni mwa fremu ni mapambo gani. Ulicheka mpaka ukaweka bisibisi chini. "Wewe binti wa Kondoa, chuma hakipitishi mawimbi. Hii ni nyumba ya wapangaji watano, kila mmoja kakatiwa dirisha lake." Tangu hapo nikishika simu natafuta madirisha kwanza.

Sasa nikuambie nilichoharibu. Mwalimu Sechelela alileta simu yake nibadilishe kioo. Nikaifunga vizuri. Wi-Fi ikashika, ramani ikaonyesha, spika ya Bluetooth ikaimba. Hivyo vyote mtu anavijaribu peke yake. Lakini lile jaribio letu, mmoja atoke na simu sikioni mpaka barabarani na mwingine abaki ndani akimjibu, sikulifanya. Ningempigia nani? Niliona mtandao umejaa simu ikiwa mezani, nikampa.

Alirudi baada ya siku mbili, amekasirika. Mama yake anaumwa huko Kongwa, na kila akipiga, mwalimu akiweka simu sikioni sauti inakatika. Kibanio cha antena ya chini, kile kijichuma kinachoiunganisha na bodi, nilikuwa nimekipinda. Simu ilitegemea ya juu peke yake, na mkono ukiifunika, basi. Niliona aibu, Kaka. Jaribio lile ulinifundisha wiki ya kwanza.

Nikakinyoosha kibanio mbele yake, nikamwomba atoke, anipigie na kuniongelesha akitembea. Alifika barabarani, sauti safi kabisa. Akaniuliza, "Na yule kaka uliyekuwa unafanya naye kazi, yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia umekufa. Sikuwa nimewahi kulitamka. Wengine wote walikuwa wanajua, hakuna aliyeniuliza. Nililia kwenye simu ya watu, na mwalimu hakukata. Alisimama kule juani, simu sikioni, mpaka nikanyamaza.

Nakuahidi, hakuna simu itakayotoka hapa kabla mtu hajaibeba mpaka barabarani akaongea nami. Nitawaomba wateja wenyewe, wakinishangaa washangae. Na kiti chako, ambacho mpaka leo sijathubutu kukigusa, kesho nakitoa mbele wakikalie wakisubiri.

Pumzika, Kaka yangu.

Mwanaidi