Upande wa Pili wa Shuka

Ijumaa, 10 Julai 1936

Sauti imenikauka. Jana nimesema kwenye bomba la bati la kupazia sauti tangu giza lilipoingia mpaka picha ya mwisho. Kiswahili kwanza, halafu Kisubi. Mahali nilipoishiwa Kisubi nikatia Kihangaza chetu cha Mbuba, na hakuna aliyelalamika. Bwana Mifugo, ambaye mimi ni karani wake, asubuhi amenisifu, eti Pancras umetafsiri vizuri sana. Hajui Kisubi hata neno moja, sasa amejuaje?

Sinema! Biharamulo nzima ilikuwa uwanjani. Shuka la kuonyeshea picha lililokuja na lori la sinema lilitoboka njiani, tukaazima kitambaa cha marekani cha Salum mwenye duka, vipande viwili vimeshonwa pamoja. Kila mtu aliyepita katikati ya picha alikatwa pua na ule mshono.

Hadithi yenyewe: mtu mmoja wa kanzu nyeupe anaanika ngozi za ng'ombe kivulini, anapata bei nzuri, ananunua baiskeli. Mwenzake, Mfupi, anazianika juani na kuzipaka matope ziwe nzito. Anagunduliwa, anakimbia, anatumbukia mtoni. Bwana alitaka tumpende Kanzu. Watu wamempenda Mfupi.

Kosa si langu. Kanzu aliingia nyumbani kwa mama mkwe wake, akaketi naye mkeka mmoja, akala naye bakuli moja. Nikalisema kwenye bomba kama lilivyo. Uwanja mzima ukaguna, wanawake wakajifunika nyuso. Kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani. Ukimwona njiani unaingia migombani. Mkiwa na neno la kuambizana, lazima ukuta uwe katikati. Na huyu anachovya naye mchuzi! Baada ya hapo hakuna aliyejali ngozi zake wala baiskeli yake.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya misa, barazani kwa Salum. Mazungumzo ni sinema tu.

Mama Domisiana alikuwepo, yule mjane wa Nyabusozi anayeuza maharage na ndizi mbivu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akasema marahaba, na kabla sijakaa akaanza. Kanzu hajui kuigiza. Kila akisema jambo anamtupia jicho mtu aliye nyuma ya mashine, kama mtoto wa shule anayetaka kujua kama amepatia. Lakini Mfupi! Umeona alivyoanguka? Mtu anayeanguka kweli mikono yake ndiyo hushtuka kwanza, na yeye mikono ilishtuka kwanza. Nikasema hata kulia alilia vizuri. Akakataa. Alifuta machozi kabla hayajatoka.

Nikakaa nafikiri. Ni kweli, alifuta mapema. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye shuka na sikuona.

Salum akasema kwao pwani mkwe ni kama mama mzazi, mnakula pamoja na kucheka pamoja. Mama Domisiana akamwuliza kama ndiyo sababu babu yake alikimbia huko. Salum alicheka mpaka akakohoa.

Halafu ugomvi. Vijana waliokosa nafasi siku ile walikaa nyuma ya shuka, na sasa wanaapa kwamba Kanzu alikula kwa mkono wa kushoto. Sisi wa mbele tunasema wa kulia. Nusura washikane mashati. Mama Domisiana akawakata: aliyekaa nyuma ya shuka hana la kusema kuhusu sinema, anyamaze.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Barazani pale nafuata watu wawili. Ildefonsa, binti wa Mama Domisiana, ndiye nachana nywele kwa ajili yake. Na mama yake, kwa mazungumzo. Ildefonsa hapendi sinema. Alisinzia kabla ya ngozi ya pili.

Jumatano, 15 Julai

Bwana ametaka ripoti: watu wamejifunza nini? Nimeandika, "Watu wameyazungumza sana mambo ya ngozi." Amefurahi. Walichojifunza ni kwamba Kanzu hana haya.

Lori limekwenda Ngara. Litarudi hapa tarehe mosi Agosti na filamu nyingine. Bomba ni langu tena, na fimbo ya kuonyeshea.

Jumamosi, 18 Julai

Ansbert, mwalimu wa dini, amenunua viatu. Watu wanasema ni vya kwendea Nyabusozi kumposa Ildefonsa. Viatu vyenyewe vinalia.

Nimemwandikia mjomba Minani aje kutoka Mbuba anipelekee posa. Lakini aje BAADA ya tarehe mosi. Neno hilo nimelipigia mistari miwili. Rubisi ya posa, pombe yetu ya ndizi, ikishanywewa, Mama Domisiana ni mkwe wangu. Baraza limekwisha. Na mimi nasimama ubavuni mwa shuka na fimbo yangu. Asiyeruhusiwa kunitazama ataitazamaje sinema?

Nimemweleza Ildefonsa kwamba tungoje kidogo, na sababu. Akaniuliza, "Unanioa mimi au unamwoa mama?" Halafu akasema Ansbert hapangi tarehe za sinema.

Amenichoma. Nampenda huyu msichana, hata akisinzia.

Alhamisi, 23 Julai

Mjomba Minani amefika. Leo! Siku tisa kabla.

Hajui kusoma. Aliyemsomea barua alifika "njoo uniposee", na mjomba akasimama hapo hapo kutafuta fimbo yake. Mistari yangu miwili haikuonwa na mtu. Amekuja na jembe jipya la posa begani, na kwa rafiki yake hapa amekuta mitungi miwili ya rubisi imeiva leo. Nikamwambia tungoje. Akasema rubisi haijui kungoja, na yule wa viatu naye pia.

Nikabaki nje ya ua wa Nyabusozi kama desturi, sikio kwenye mianzi. Nikamsikia Mama Domisiana akiuliza kwa adabu kama rubisi hiyo haiwezi kunywewa tarehe mbili Agosti. Akakohoa, akaongeza: hata tarehe tatu.

Mjomba akadhani ni mbinu za Ansbert. Akasema ataimwaga uani sasa hivi arudi kwao.

Halafu nikamsikia Mama Domisiana akinyonya mrija.

Ijumaa, 24 Julai

Nimepata mchumba. Nimepata na mkwe.

Leo sokoni tumekutana uso kwa uso. Yeye akajifunika kanga na kuingia nyuma ya magunia ya maharage. Mimi nikaingia katikati ya mbuzi. Soko zima limecheka, mimi sijacheka.

Jumatatu, 27 Julai

Nimekwenda barazani. Salum anasema waigizaji wote walikuwa wazuri. Wote! Nikanywa kahawa nikaondoka.

Ildefonsa ameniambia mama yake anauliza kila jioni kama lori limeonekana, halafu anasema haimhusu. Hata chakula hali vizuri. Nimemwomba Bwana mtu mwingine ashike fimbo, mimi nisimame mbali. Amekataa. Hakuna mwingine anayejua lugha zote.

Mjomba amekaa mpaka sinema ipite, anataka kuona. Amenionya. Neno moja kwa mkwe wako bila ukuta katikati, na jembe linarudi Mbuba na aibu juu. Hatanii. Ansbert anapita barabarani asubuhi na jioni, viatu vinalia.

Namkumbuka yule mama, na anakaa mwendo wa saa moja tu.

Jumamosi, 1 Agosti

Naandika gotini kwa taa ya lori. Filamu imekatika, fundi anaiunganisha. Niandike haraka.

Nilianza kazi huku natafuta mbele. Ildefonsa yupo kwenye mkeka, peke yake, kasinzia. Mjomba kaketi kigodani mstari wa kwanza. Ansbert kasimama na viatu vyake. Mama Domisiana hayupo. Nikasema moyoni, basi, amebaki nyumbani na maharage yake. Nikatafsiri kama mtu anayesoma orodha ya kodi.

Halafu akatokea Mfupi! Yule yule wa matope, sasa amevaa koti, ni jumbe, anaamua kesi za watu. Uwanja ukachafuka. Mwizi amefanywa jumbe! Wazee wawili wakasimama kwenda kumlalamikia Bwana. Nikapiga kelele kwenye bomba kwamba ni kuigiza tu, mtu ni huyo lakini leo ana kazi nyingine. Hawanisikilizi.

Ndipo sauti ikatoka. Nyuma ya shuka, karibu na sikio langu kabisa.

"Mwacheni. Huyo ni fundi. Hata mwendo ameubadilisha."

Fimbo ikaniponyoka. Wazee wakakaa.

Kumbe Mama Domisiana ameingia kwa nyuma, ameketi na wale vijana aliowanyamazisha barazani! Picha ikaendelea, na kila Mfupi akifanya jambo nasikia kicheko kile kwa ndani. Nami nikapata nguvu, nikatafsiri mpaka mishipa ikanisimama. Jumbe akaletewa chakula, akanawa, akala. Hapo filamu ikakatika. Giza. Sauti ikaja tena, safari hii ya mtu anayetubu.

"Karani. Huku wote wanakula kwa kushoto. Vijana walisema kweli. Huko kwako ni mkono gani?"

Uwanja mzima umesikia. Amenisemesha mimi. Kila mtu amegeuka kumtazama mjomba Minani. Salum akapaza sauti kwamba marekani yake, tuliyoiazima tena, ni nzito, ya gredi ya kwanza. Bibi mmoja akajibu kwamba ukuta ni udongo, si nguo. Viatu vya Ansbert vimelia, amesogea mbele aone vizuri. Na Ildefonsa ameamka. Ndiyo mara ya kwanza namwona yu macho kwenye sinema. Ananitazama.

Ningeweza kunyamaza. Yule mama angengoja jibu gizani, mbele ya vijana, baada ya yote aliyowaambia.

Nimejibu. Nimejibu kwenye bomba, uwanja mzima usikie: "Ni wa kulia, mama."

Mjomba amesimama. Amekuja mpaka hapa bila kunitazama. Ameshika pembe ya shuka kwa vidole viwili, anaisugua kama mtu anayenunua kanzu. Ameinua mpaka kwenye taa ya lori, anatazama kama mwanga unapita.

Fundi anasema filamu iko tayari. Mjomba bado ameshika shuka.