Ruta Yenye Betri Yake

Lodwar, Jumanne usiku

Namshukuru Mungu kwamba mahojiano ya binti yangu Akiru na chuo cha uuguzi, yaliyofanyika kwa mtandao, yamekamilika bila kukatika.

Ruta, yaani kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, niliyokusudia kununua awali ilikuwa na antena sita. Nilimwandikia Mama Nyandeng, mwenye duka Kakuma, barua rasmi ya kuomba ufafanuzi juu yake, nikampelekea kwa mkono wangu. Aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akacheka.

"Mzee, unanunua ruta ama unashtaki mtu? Kwako stima inapotea?"

"Hupotea mara kwa mara, mama."

"Sasa antena sita za nini? Chukua hii ndogo. Iko na betri yake, inatumia laini ya simu."

Niliudhika, nakiri. Hata hivyo niliichukua.

Leo saa nne asubuhi, Akiru akiwa katikati ya jibu, feni ilisimama. Stima ilikuwa imepotea. Nilisimama nje ya mlango wake, nikashindwa hata kuomba. Kisha nikasikia sauti yake ikiendelea.

Kesho nitamwandikia Mama Nyandeng barua ya shukrani, rasmi kabisa. Aisome kwa sauti, mbele ya wateja wale wale.