Kushoto kwa Nguzo

Kwako Kaka,

Salamu zikufikie huko mjini. Natumaini u mzima, wifi na watoto hawajambo, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku chini ya mlima tunapumua tu. Mama anakula kwa kulazimishwa, na kila mgeni akiingia anamwonyesha picha yako iliyo juu ya runinga, ile uliyoinua mikono kileleni, nyuma yako jiwe lililopasuka katikati.

Ulilalamika kwamba hujaelezwa vizuri Kiduchu alikufaje. Basi kaa chini nikueleze.

Unamjua mdogo wetu. Jina tulilompa akiwa mchanga halikumzuia kukupita kimo. Tulimwambia majira ya baridi si wakati wa kupanda, waongoza njia wenyewe wamekunja kamba zao wamerudi makwao. Akasema kama kaka aliweza, yeye ni nani ashindwe. Akampata mwongoza njia mmoja, mkaidi mwenzake. Kwenye kibanda cha mwisho yule bwana akateleza kwenye barafu, akavunjika kifundo cha mguu. Kiduchu akamwachia jiko na blanketi, akachukua simu ya upepo, akaendelea peke yake.

Nilikuwa zamu katika chumba cha mawasiliano pale lango la mlima aliponiita akicheka kama mwehu, kwamba ameishika nguzo ya chuma ya kileleni. Nikamtania kwamba sasa hatutalala kwa majigambo. Mara upepo ukageuka. Alisema theluji inampiga kutoka kila upande, nyayo zake zimefutika, kope zinagandana, haoni hata mikono yake. Akauliza ashukie upande gani wa nguzo.

Waongoza njia niliowapigia hawakupatikana; mtu wa kumuuliza nilibaki naye mmoja tu. Nikakupigia. Ulikuwa kwenye hafla, nilisikia vijiko na vicheko. Hukusita. Ulisema ashukie kushoto, kwamba wewe ulipita hapo ukipiga mluzi, na nimwambie aache woga. Nikamfikishia neno kwa neno. Akajibu kwamba kama kaka kasema, basi imekwisha. Nilibaki nikimwita mpaka sauti ikanikauka, na upande wa pili ulikuwa mkwaruzo mtupu.

Hali ya hewa ilipotulia nilipanda na waokoaji. Nilitapika njia nzima, na vidole vyangu vya mguu vimekuwa vyeusi. Chini sana ya kilele kipo kilima kidogo ambacho waongoza njia hukiita kilele cha wageni, kwa sababu wageni waliochoka hupigia picha hapo wakageuza. Hapo nikalikuta jiwe lililopasuka katikati. Nikasimama pale pale ulipoweka miguu yako. Kushoto kwake kuna njia nzuri, hata Mama angeshuka.

Kileleni hakuna jiwe lolote, Kaka. Kuna nguzo na upepo. Kushoto kwa nguzo theluji imening'inia kama ukingo wa paa, na chini yake hakuna kitu. Tulipaona palipomeguka. Koti jekundu ulilomzawadia linaonekana kule bondeni; ulisema kweli kwamba jekundu halipotei kwenye theluji. Waokoaji hawawezi kumfuata mpaka theluji iyeyuke, kwa hiyo bado amelala kifudifudi.

Sikulaumu kwa kuchoka, kila mtu huchoka. Na ile picha ungetamba nayo mpaka uzeeni, nani angejali? Lakini nilipokupigia ungesema hujui. Ungesema hivyo tu, ningemwambia ajichimbie kwenye theluji asubiri upepo upite. Uliona aibu mbele ya watu wa hafla. Nakuchukia, Kaka. Usirudie kusoma ukidhani umekosea.

Mama sijamwambia; anajua tu kwamba ulimwelekeza kwa simu. Anataka uje kuzungumza siku ya kumkumbuka Kiduchu, sebuleni, chini ya picha yako. Njoo umwambie mwenyewe, wageni wote wakisikia. Lile jiwe nimelipiga picha, na kilele nacho. Siku hiyo nitazitundika kando ya yako, uwepo usiwepo.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Mama naye anakusalimu sana. Anasema Mungu akubariki, kwa kuwa hukumwacha mdogo wako peke yake mpaka dakika ya mwisho.

Ni mimi dada yako,
niliyempelekea neno lako.